Ng'ombe Nyuma ya Ukuta

Hakuna masika yasiyo na mbu. Mvua inayonenepesha mahindi ndiyo hiyo hiyo inayojaza madimbwi, na anayetaka mahindi bila madimbwi anaiomba mbingu kazi isiyo yake. Neema huja na kero zake mgongoni, na mwenye akili huipokea pamoja na mzigo wake. Ila methali hii imeteswa sana. Wakubwa wameigeuza kizibo cha kuzibia midomo: ukilia kwamba umeibiwa, unaambiwa huyo ni mbu tu, vumilia. Kwa hiyo anayesoma hadithi hii atazame vizuri, asimchanganye mbu na mwizi.

Mwaka ule Mbulu ilipomegwa kutoka Arusha na kutiwa katika mkoa mpya wa Manyara, mwalimu Mwita na mkewe Scola walikuwa wamepanga chumba kwa Mama Margwe, katika kijiji kimoja cha mgongoni mwa mlima, juu ya mji wa Mbulu. Mwita alikuwa mtu wa Musoma, kando ya ziwa, ambako watu hulala madirisha wazi. Serikali ilimleta kufundisha hesabu huku kwenye ukungu, mshahara ukimfuata nyuma kama mbwa kilema, leo upo, kesho haujafika.

Nyumba ya Mama Margwe ilikuwa ya udongo na nyasi, pana, imeinama chini kama kuku anayeatamia. Watu na mifugo walilala chini ya paa moja, kama Wairaqw, wenyeji wa huko, walivyolala tangu enzi za mababu. Kati ya chumba cha mwalimu na ng'ombe palikuwa na ukuta wa fito na udongo uliozidi kidogo kimo cha mtu. Juu ya ukuta huo palikuwa wazi mpaka kwenye nyasi. Kila sauti ilipita, na kila harufu.

Ng'ombe walicheua usiku kucha kama wazee wasio na meno. Walipokojoa, ungedhani mtu kamwaga ndoo dirishani. Moshi wa kuni ulitambaa ukamtafuta mwalimu machoni hata alipojifunika gubigubi. Shati alilolifua Jumamosi lilinuka ndama Jumatatu, na watoto wa darasa la tano walikuwa wakimkaribia na madaftari huku wakitabasamu chini chini.

Na juu ya hayo yote alikuwepo mwenye nyumba.

"Hodi!" Mama Margwe alikuwa akisema, akiwa tayari ameketi kitandani.

"Shikamoo, Mama Margwe."

"Marahaba, Mwalimu. Jana mmekula dagaa."

"Ndiyo, mama."

"Leo nasikia harufu ya dagaa tena. Mke wako ana mimba, unamlisha samaki wadogo kama kucha. Mtoto atapata ukubwa wapi?"

Scola alicheka mpaka akashika kiuno. Mwita hakucheka. Alikuwa mtu safi, mnyofu, mwenye kuhesabu kila karaha kama mwenye duka ahesabuvyo chenji, na kila asubuhi hesabu ilimtoka kubwa zaidi. Tope limekula soli ya kiatu. Jogoo kawika kabla ya wakati. Kiroboto. Mama Margwe.

Wakati huo kijiji kilikuwa kinamaliza nyumba ya mwalimu pale shuleni. Wananchi waliijenga kwa nguvu zao. Wanawake, Mama Margwe akiwa mmojawapo, walibeba mawe kichwani kutoka korongoni huku mvua ikiwapiga, na kila kaya ilitoa mchango, hata ile iliyokuwa inakopa chumvi. Nyumba ikasimama, saruji chini, mabati juu, inang'aa kama sahani mpya. Kitu kimoja tu kilikosekana: dari. Mbao za dari zilinunuliwa. Watu waliziona kwa macho yao zikishushwa kwenye lori. Halafu mbao zikaota miguu. Hakuna aliyeulizwa, ingawa kila mtu alijua ni nyumba ya nani kijijini iliyopata dari mwezi huo huo.

Mwalimu mkuu, Bwana Herman, alimpokea Mwita mlangoni pa nyumba mpya na kumkabidhi ufunguo.

"Dari itakuja, Mwalimu. Vumilia kidogo. Si unajua, hakuna masika yasiyo na mbu."

"Hakuna neno, Mkuu. Mradi hakuna ng'ombe."

Mtu aliyeshindwa kuvumilia pumzi ya ndama akavumilia wizi wa mbao, tena kwa tabasamu. Alimkimbia mbu, akampigia mwizi magoti. Wako wengi wa namna hiyo.

Siku ya kuhama, Mama Margwe alisimama uani akimtazama mwalimu anavyofunga godoro kwa kamba.

"Mnatuacha, Mwalimu? Na baridi ndiyo inaingia."

"Mama, binadamu hakuumbwa alale na ng'ombe."

"Na Bwana Yesu alilala wapi alipozaliwa? Hotelini?"

"Yesu hakuwa na mitihani ya kusahihisha!" Mwita alifoka. Angeishia hapo, wote wangecheka. Lakini ulimi hauna mfupa. "Hii si nyumba, mama. Hili ni zizi waliloazimwa watu."

Nyumba ile Mama Margwe aliikandika kwa mikono yake akiwa bibi harusi. Alijifunga kanga kiunoni, akaingia ndani kwa wanyama wake.

Juni ikaja na baridi kali kama wembe. Ukungu ulilala juu ya kijiji mpaka jua linapokaribia utosini. Katika nyumba mpya mabati yalitoa jasho, na kila asubuhi matone yalidondoka juu ya kitanda, tii, tii, kana kwamba mvua imehamia ndani. Baridi ya saruji ilipanda mpaka magotini. Scola alivaa sweta juu ya sweta. Na katikati ya baridi hiyo uchungu ukamshika kabla ya wakati wake.

Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, mdogo, mwili wote ukienea kwenye viganja viwili vya baba yake. Wakampa jina la bibi yake, Bhoke. Hakulia kama watoto wanavyolia. Alitoa kasauti kembamba kama ka paka aliyefungiwa kabatini. Walikaa wodini mpaka alipoweza kunyonya. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aitwaye Violeth aliwaweka chini.

"Huyu bado hajui kujitengenezea joto. Mtamwazima la kwenu. Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na chumba kiwe na joto. Mnanielewa? Akipoa hanyonyi, asiponyonya anazidi kupoa. Ni mteremko huo, na chini yake hakuna kitu kizuri."

Scola alifanya alivyoambiwa. Lakini kifua cha mtu anayetetemeka kina joto gani la kuazima? Mwita aliziba madirisha kwa magunia. Alitundika shuka pale ambapo dari ingekuwa; upepo ukaliinua kama bendera. Miguu ya Bhoke ilikuwa ya baridi kama kokoto za mtoni. Alinyonya mara mbili tatu, akachoka, akalala na ziwa mdomoni. Hata kile kilio cha paka kikaanza kupungua, na hicho ndicho kilichomtisha Mwita kuliko vyote. Mtu aliyechukia kila kelele sasa alikaa ameinama juu ya mwanawe, akiomba asikie japo moja.

Alikokota jiko la mkaa ndani, akafunga mlango. Chumba kikapata joto kweli. Baada ya muda kichwa kikamgonga kama nyundo, na Scola akasema anaona giza. Bahati yao, siku hiyo ilikuwa ya kupima watoto pale shuleni, na Violeth alipita kumwangalia Bhoke. Alifungua mlango, akanusa, akalitupa jiko uani kwa teke.

"Mnataka kujizika wote watatu? Mkaa unaua, Mwalimu! Na wewe umesoma!"

Akampima mtoto.

"Amepungua. Nikimrudisha wodini, kumejaa, na baridi ya kule mmeiona. Hamna pengine? Hamna ndugu mwenye nyumba ya joto?"

"Sisi ni wageni huku, Sista," alijibu Mwita.

Scola aliinua uso. "Kwa Mama Margwe sikuwahi kuvaa sweta."

Wote wawili walikumbuka jinsi pumzi ya ng'ombe wale ilivyokuwa ikivuka juu ya ukuta na kushuka chumbani, nzito, yenye unyevu, ya kunuka. Vuguvugu.

"Baba Bhoke, nenda ukamwombe."

"Kwa maneno niliyosema? Nikalambe matapishi yangu mbele ya yule mama?"

"Lamba. Mwanao anahangaika kunyonya, wewe kulamba tu kunakushinda?"

Mwita alikwenda. Njia ilikuwa fupi, lakini aliiona ndefu kama ya kurudi Musoma kwa miguu. Alimkuta Mama Margwe akizoa samadi, tenga limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Habari za hapa?"

"Za zizini ni nzuri."

"Mama, kile chumba... bado kipo?"

"Kina mpangaji."

Mama Margwe akasukuma mlango wa chumba kwa mguu. Ndama wawili, mmoja mwekundu na mmoja mwenye baka jeupe usoni, wakamtazama mwalimu bila haya.

"Hawa wanalipa kwa samadi. Na hawatukani nyumba ya mtu."

"Mama, nisamehe. Nilisema nikiwa sijui..."

"Ulijua! Mtu akitukana anajua. Sema ulichoka."

"Nilichoka, mama. Tena nilikukosea. Sasa mwanangu amezaliwa kabla ya siku zake, anapoa mikononi mwetu, na mimi..."

Mama Margwe aliweka tenga chini. "Mtoto amezaliwa? Yuko wapi?"

"Kule, shuleni."

"Umemwacha mtoto kwenye mabati halafu umekuja kunihutubia? Mwanamume wewe! Toa hao ndama! Wapeleke kwa wenzao, fagia, tandika nyasi kavu! Unanitazama nini?"

Alikuwa ameshanawa mikono, ameshavuta blanketi kitandani kwake, na mwalimu alipogeuka alimwona anashuka mteremko mbio, miguu peku, mwanamke mwenye wajukuu.

Mchana huo huo Bhoke aliingia katika nyumba ya udongo, kifuani kwa mama yake, ndani ya blanketi linalonuka moshi. Nyuma ya ukuta ng'ombe walisogeleana kuwapisha ndama. Scola alivua sweta la kwanza. Halafu la pili. Mama Margwe alileta uji wa maziwa, akakaa kuhakikisha unakwisha, akisema bila kupumua kuhusu dagaa. Mwita alikaa pembeni ameshika mguu wa mwanawe kwa vidole viwili, na aliposikia kokoto ile ya mtoni inageuka kuwa mguu wa mtu, aliweka paji la uso ukutani na kulia kimya kimya.

Violeth alipokuja tena na mizani yake, alitikisa kichwa. "Msiende kutangaza kwamba ng'ombe ni dawa. Dawa ni kifua cha mama. Ila kifua nacho kinahitaji chumba cha kufanyia kazi." Kisha akatabasamu. Bhoke alikuwa ameongezeka.

Msidhani kero zilikwisha. Ndama mwekundu alipenya mlangoni akatafuna andalio la somo la wiki nzima. Moshi ulikuwa ule ule. Hodi zilikuwa zile zile. Lakini Mwita aliacha kuzihesabu, na nguvu aliyokuwa akiipoteza kwa viroboto akaipeleka inakostahili. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akauliza, mbele ya watu, mbao za dari zilikwenda wapi.

"Mwalimu," Bwana Herman alimkatiza kwa upole, "si tulikubaliana? Hakuna masika yasiyo na..."

"Mkuu, mbu wangu nawafahamu mmoja mmoja. Mmoja mwekundu, mmoja ana baka usoni, mwingine anapiga hodi akiwa kashakaa kitandani. Hao wamekuja na mvua yangu, nawashukuru. Aliyebeba mbao si mbu. Huyo kaiba mvua yenyewe, na mwanangu alikaribia kufa kwa sababu yake."

Watu walicheka, Mama Margwe kuliko wote, kisha wakaacha kucheka. Mbao hazikurudi siku hiyo. Lakini kwa mara ya kwanza mzee mmoja alisimama na kulitaja jina la mwenye nyumba yenye dari mpya, na jina hilo, likishatamkwa hadharani, halikurudi mdomoni. Mfuko wa uongo ukishatoboka, haushonwi kwa maneno matamu.

Agosti, alfajiri moja, nyumba nzima iliamshwa na kelele. Haikuwa ya jogoo. Bhoke alikuwa ametupa ngumi nje ya blanketi, kafumba macho, kafungua kinywa, analia. Analia kwa kifua kizima, kama tarumbeta la kanisani, mpaka udongo ukadondoka kwenye fito. Ndama wakaruka. Ng'ombe mmoja akapiga teke ndoo.

"Baba Bhoke!" Mama Margwe aligonga ukuta kwa ngumi. "Mnyamazisheni huyo! Ananishtulia ng'ombe, wanabana maziwa!"

"Tusamehe, mama!" Scola alijibu, akimtafutia mtoto ziwa.

Mwita alimshika mkono. "Subiri kidogo. Mwache alie."

Akakaa pale kitandani, moshi ukimchoma macho, harufu ya zizi ikimjaa puani, mwenye nyumba akimfokea upande wa pili, na kilio kile kikizidi kupanda. Akafumba macho kama mtu anayesikiliza mvua ya kwanza ikipiga juu ya shamba lake, na akamshukuru Mungu kwa kelele yote, asitake hata moja ipungue. Kwa maana hakuna masika yasiyo na mbu.