Ufunguo wa Gharnata

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Fasi palikuwa na mja mwema aitwaye Maimun, mkalimani wa Sultani. Alikuwa mateka wa Wafaranji, watu wa Ulaya, miaka mingi, akarudi na lugha zao na maumivu ya mgongo. Aliapa kwamba neno ni amana: halizidishi wala halipunguzi.

Siku moja wakaja wajumbe wawili, Mwingereza na Mfaransa, kila mmoja akitaka farasi wa vita. Waziri Shabbar, mwenye farasi hao, alifurahi hadi akasahau kufunga mdomo. Sultani akauliza, "Mnapigania nini?"

Mwingereza akataja vyeo vya bwana wake mpaka paka wa Sultani akasinzia, akamalizia, "Mfalme wa Waingereza, na mfalme wa Wafaransa."

Mfaransa akaruka. "Wa Wafaransa? Na bwana wangu ni mfalme wa nani, wa kuku?"

Waziri, akitaka ugomvi uzidi ili auze farasi wake, akamnong'oneza Maimun, "Mwambie Mwingereza kwamba mfalme wake ameitwa punda. Ukikataa, ulimi wako ataula huyo paka."

Maskini Maimun! Waziri hakuwa mtu wa mzaha. Akasema moyoni, "Hasbiyallahu, Mungu ananitosha," kisha akamtafsiria Mwingereza, "Anauliza kama bwana wake ni mfalme wa kuku."

Mwingereza, aliyekwisha kushika upanga, akababaika. Kuku hawakuwamo katika maagizo aliyopewa.

Sultani akamwuliza, "Nchi ya Wafaransa bwana wako aliitawala lini?"

"Babu wa babu yake aliitawala, Mtukufu. Sehemu yake."

"Maimun, wewe waonaje?"

Maimun akatoa ufunguo kiunoni. "Bwana wangu, huu ni wa nyumba ya babu yangu huko Gharnata, mji wetu Waislamu ambao Wafaranji waliuteka wakatufukuza. Kwa hesabu ya bwana huyu, mimi bado ni mwenye nyumba. Basi akipita huko, awaambie waliomo wafagie ua."

Baraza zima likaangua kicheko, Mwingereza naye. Maimun peke yake hakucheka. Sultani akawaaga wajumbe bila kuwauzia farasi, akamweka Maimun karibu naye tangu siku ile, paka akaukosa ulimi, na farasi wasiouzwa wakabaki kummalizia waziri shayiri yake.

Ndugu zangu, wafalme wale walipigana baadaye kwa upuuzi mwingine. Lakini Siku ya Hesabu Maimun ataulizwa habari za ulimi wake, si za wafalme. Nasi tunaochukua maneno ya jirani kumpelekea jirani, tukiyatia chumvi njiani, tutajibu nini?