Makaburi Matatu ya Nakijwa

Sogeeni karibu, na mwenye hukumu ya haraka mdomoni aimeze kwanza. Ataihitaji mwishoni.

Palikuwa na mjane katika kijiji cha milimani, jina lake Nakijwa, hodari wa migomba na mkali wa jikoni. Mungu alimjalia watoto watatu, na kila mtoto akampa kipaji chake.

Elinami, kifungua mimba, alipewa sauti. Akisimama kusema, mwenye safari aliahirisha na mwenye haraka alikaa chini. Alisomeshwa na wamisheni, akabatizwa, akawa mzee wa kanisa.

Saumu, wa katikati, alipewa mikono. Akimgusa mtoto kwenye paji la uso, alijua homa inakuja kabla mtoto mwenyewe hajaanza kununa. Aliolewa na Mwislamu, naye akasilimu, na dini hiyo hakuishika kwa kumfurahisha mume. Aliipenda kweli.

Senkondo, kitinda mimba, alipewa kumbukumbu ya majina. Aliwajua watu wa ukoo wao mpaka wale ambao makaburi yao yamekuwa mashamba ya maharage. Ukoo ukamkabidhi msitu wa matambiko, naye akaulinda kwa moyo wake wote.

Na mama yao je? Siku Elinami alipobatizwa, alimpikia jogoo. Siku Saumu aliposilimu, alipika pilau. Siku Senkondo alipokabidhiwa msitu, aliandaa pombe ya miwa. Krismasi alikwenda kusikiliza kwaya, Maulidi alikwenda kusikiliza kaswida, na wakati wa mavuno alimwaga uji kidogo kwenye kaburi la marehemu mumewe, pale migombani. Watoto wakimuuliza, "Mama, wewe hasa uko upande gani?" aliwajibu, "Mimi niko jikoni." Wakacheka, wakala, wakasahau kuuliza tena. Laiti wangeuliza tena!

Asubuhi moja Nakijwa alikuwa anamenya ndizi, kisu kikamponyoka. Akataka kukiokota, mkono ukagoma. Akataka kuita, ulimi ukagoma. Akaanguka chali, macho yakafumba, mwili ukafa ganzi kuanzia nyayo mpaka kope. Kilichobaki ni masikio. Jamani, masikio yalibaki yanafanya kazi kama kawaida.

Jirani akaja, akapiga yowe. Mzee mmoja akaingia, akamwekea unyoya wa kuku puani. Unyoya ukatulia tuli.

"Amekwisha," akasema yule mzee.

Nakijwa akapigwa na bumbuwazi. Amekwisha nani? Alitaka kumwambia yule mzee aondoe manyoya yake usoni pake, lakini mdomo haukufunguka. Akasikia khanga inavutwa kumfunika uso, na nyumba yake ikaanza kujaa watu.

Saumu ndiye aliyekaa karibu, naye ndiye aliyefika kwanza pamoja na wakweze. "Innalillahi! Maiti hacheleweshwi," akasema. "Kabla ya magharibi mama yangu awe ameshapumzika." Na wale wakwe walikuwa watu wa vitendo. Muda si muda Nakijwa akasikia majembe nyuma ya nyumba. Walikuwa wanamchimbia! Kwenye shamba lake mwenyewe, penye viazi vyake, wanamchimbia yeye mzima. Alipiga kelele ndani ya kichwa chake mpaka akachoka, na hakuna aliyesikia.

Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama, na wanaume wameshainama kumbeba akaoshwe upesi kando ya kaburi, Elinami alipotokea mlangoni.

"Wekeni chini!"

Wakaweka chini.

"Mama yangu hazikwi mbio mbio kama mtu asiye na watu. Wajukuu hawajafika. Mchungaji hajafika. Hatoki mtu hapa leo."

Mkwe mkubwa wa Saumu, mzee ambaye hajawahi kungoja hata chai ipoe, akakaa kwenye kigoda bila kubisha. Jua likazama. Kaburi likabaki wazi. Nakijwa akamwombea mwanawe baraka zote, Mungu amzidishie hiyo sauti! Ndipo akamsikia anamalizia: "Kesho gari litakuja limpeleke mochwari mjini, akae kwenye jokofu mpaka wajukuu watoke Mwanza."

Jokofu! Mama ambaye hata soda ya baridi ilimpa kikohozi. Baraka zote alizomwombea Elinami akatamani kuzirudisha.

Kulipokucha kijiji kizima kilikuwa uani. Watu wa kanisa walikuwa wanachimba kaburi la pili kando ya njia, ili mama asije akafukiwa kwenye lile la kwanza kwa hila. Senkondo na watu wa ukoo walikuwa wanachimba la tatu migombani, ubavuni pa baba yake, kwa sababu mke wa mtu halali mbali na mumewe. Wanawake ambao siku zote huchota maji kwenye bomba moja walikaa makundi makundi, wamepeana migongo. Kwaya ikaanza wimbo, vijana wa madrasa wakajibu kwa kaswida ya juu zaidi, na wazee wa ukoo wakaagiza ngoma. Hata mbuzi wa msiba alikosa mchinjaji, maana kila kundi lilisema kundi jingine likichinja, lenyewe halili. Akabaki amefungwa kwenye mpera, analia bila kupumzika.

Ndipo akaitwa mtendaji wa kijiji. Akaja na mhuri wake mfukoni, akasimama katikati ya ua.

"Ndugu wananchi," akasema, "serikali haina dini."

Watu wote wakampigia makofi.

"Sasa ili nitoe kibali cha mazishi, marehemu alikuwa dini gani?"

Makofi yakakatika. Kisha majibu matatu yakatoka kwa pamoja, na baada ya majibu yakaja matusi, na baada ya matusi mtu mmoja akaokota jiwe. Mtendaji akaona mambo yanaharibika, akaamua kwamba mwenye kauli ni mtoto mkubwa. Gari liingie, mama apelekwe mjini. Nakijwa akasikia gari linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na mlango wake wa nyuma unafunguliwa.

Saumu akalala kwenye kizingiti.

"Pita juu yangu, kaka. Mama yangu haendi kwa watu na jasho la jikoni mwilini. Nitamwosha kwanza, halafu mtanikata kichwa mkitaka."

Elinami akarudi nyuma. Wanaume wakatolewa nje. Saumu akaleta maji ya uvuguvugu na majani ya mkunazi, akamwosha mama yake taratibu, huku anasoma dua. Nakijwa alisikia kila tone. Alikumbuka alivyokuwa akimwogesha Saumu mwenyewe kwenye beseni, mtoto anayeogopa povu. Kisha Saumu akachukua pamba. Akaiweka kwenye tundu moja la pua, akaisukuma vizuri, kama ilivyo desturi. Nakijwa akapatwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani. Tundu likabaki moja, na kipande cha pili cha pamba tayari kimeshakatwa.

Lakini Saumu, ili asogee vizuri, aliegemeza kiganja kifuani pa mama yake. Kiganja kikaganda hapo.

"Huyu ana joto," akasema.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamsaidia kuosha akatoka nje bila kandambili.

"Ni joto la maji!" akaita Elinami kutoka uani.

"Maji nayajua na mama namjua!" Saumu akachomoa ile pamba, akaitupa. "Mama ana joto la mtu!"

Dereva wa gari aliposikia hivyo akafunga mlango wa nyuma. Yeye, akasema, analipwa kubeba maiti baridi tu. Akaondoka na vumbi lake.

Sasa ikawa mshangao juu ya mshangao. Mchungaji akaingia, akasema tuombe. Shehe akaingia, akasema tusubiri. Unyoya ukaletwa tena, ukatulia tena. Mtu hapumui, na mwili hauna ubaridi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba basi hilo si jambo la heri, afukiwe haraka, popote, na yeyote. Nakijwa akasikia wale waliokuwa wanagombana tangu jana wameanza kukubaliana. Alishtuka kuliko siku nzima iliyopita.

Senkondo akawapangua, akaingia na kibuyu cha pombe.

"Fungeni madirisha," akasema.

Akawasha majani mabichi kwenye kigae kulifukuza lililomkamata mama. Moshi ukajaa chumbani, watu wakakohoa, wakatoka, wakarudi. Nakijwa hakuweza kukohoa. Moshi ulimwingia kifuani na kukaa humo, naye akajua kwamba sasa kweli anakufa, na anauawa na kitinda mimba wake. Hapo Senkondo akapiga magoti, akaweka mdomo sikioni pa mama yake, akaanza kuwataja watu wa ukoo mmoja mmoja, waliokwenda na waliobaki, mpaka akamfikia yeye. Hakumwita Nakijwa. Hakumwita mama.

"Kachumvi," akamwita. "Kachumvi, baba anakuita, njoo ule."

Lilikuwa jina la utoto, alilopewa na baba yake kwa sababu ya kulamba chumvi jikoni. Kila aliyewahi kumwita hivyo alikuwa ameshakufa. Ndani ya Nakijwa kitu kikageuka upande, kama mtu anayeamka baada ya kulalia mkono. Senkondo akajaza pombe mdomoni, akampulizia mama yake usoni, pwaa, kwa kumbariki.

Nakijwa akapiga chafya.

Msiniulize kilichofuata, maana hata waliokuwepo hawakubaliani. Inajulikana tu kwamba mlango ulikuwa mdogo. Mtendaji alipitia dirishani, na yeye aliyesema serikali haina dini alisikika akitaja dini zote. Kiongozi wa kwaya aliokotwa ndani ya kaburi la Waislamu. Mkwe mkubwa wa Saumu aliokotwa ndani ya lile la Wakristo, na walisaidiana kutoka.

Nakijwa akaketi, akafuta uso, akaomba uji. Alipoumaliza akataka fimbo yake, akatoka nje. Akaliona kaburi la kwanza penye viazi. Akaliona la pili kando ya njia. Akaliona la tatu migombani. 

"Yote haya yangu?" akauliza.

Watoto wake watatu wakasogea mbele yake.

"Haya. Siku nitakayokufa kweli, nataka kuzikwa na mmoja wenu tu, kwa dini yake. Wawili watasimama nyuma na kusema amina. Atakayenizika ni yule aliyenirudisha. Ni nani?"

"Ni mimi, mama," akasema Elinami. "Nisingewazuia jana, leo ungekuwa chini ya udongo."

"Ni mimi, mama," akasema Saumu. "Nisingekuosha, leo ungekuwa kwenye jokofu."

"Ni mimi, mama," akasema Senkondo. "Aliyezuia usizikwe na aliyekuosha wote walishindwa kukuamsha. Nilikuita, ukaja."

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja.

"Mnasema kweli nyote. Sasa na mimi niseme, maana nilikuwa nasikia. Saumu, watu wako walitaka kunizika mzima, na wewe mwenyewe ukaniziba pua. Elinami, ulitaka kunigandisha. Senkondo, ulinijazia moshi mpaka nikaiona mauti kwa macho yangu. Kila mmoja wenu aliniokoa na mwenzake."

Akaegemea fimbo yake.

"Na kuna kitu kimoja nilikingojea tangu kisu kiliponiponyoka mpaka leo. Nilisikia kwaya, nikasikia kaswida, nikasikia ngoma. Nilisikia mkigombana mpaka sauti zikakauka. Nilikuwa nangojea mtu alie. Mama yenu nimekufa, wanangu, na aliyelia ni mbuzi peke yake."

Elinami, mwenye sauti, akakosa sauti. Saumu akaificha mikono yake ndani ya mtandio. Senkondo akataka kumwita jina, jina lisije. Kisha wote watatu wakaanza kulia kwa pamoja, kwikwi za watoto wadogo.

"Msinililie sasa, mimi mzima," akasema Nakijwa, lakini hakuwakataza tena.

Akaamuru mbuzi afunguliwe, asichinjwe na mtu wa dini yoyote, kwa kuwa ndiye mfiwa. Kisha akaomba jembe na miche miwili ya migomba.

"Mashimo mazuri hivi sikuyapata mwaka mzima," akasema. "Mawili nitapanda migomba. Moja nitaliacha wazi, lingoje siku yangu. Niambieni niache lipi."

Wakaanza kubishana tena, wakasita. Mchungaji akaulizwa, akamtazama shehe. Shehe akaulizwa, akawatazama wazee wa ukoo. Mtendaji akaitwa atoe uamuzi, akasema serikali haina dini, akaingia ndani ya nyumba kama anayetafuta kitu, akaondoka kwa kupitia dirishani, japo safari hii mlango ulikuwa wazi.

Basi Nakijwa amekaa hapo kwenye kigoda, jembe mapajani, miche miwili miguuni pake imeanza kunyauka. Mvua za masika zinakaribia, na mashimo matatu hayawezi kukaa wazi. Watoto wake watatu wamesimama mbele yake, na kila mmoja anampenda, hilo halina ubishi.

Je, lingekuwa jembe mikononi mwako, ungepanda migomba kwenye yapi mawili, na ungeacha lipi? Fikiri vizuri kabla hujafungua mdomo. Mama anasikia.