Mtoto wa Kindi Anayekoroma Unga

Hapo zamani za kale, kale ile wanyama walipokuwa na milango yenye makomeo na majirani wa kuombana chumvi, hapakuwa na jiwe la kusagia mahali popote. Mnajua unga ulitoka wapi? Ulitoka chini ya mguu wa Tembo!

Ndiyo, mguu! Unabeba mtama wako, unapanga foleni alfajiri, unaumwaga juu ya mwamba, Tembo anainua mguu, puu! puu! puu! Unga huo. Kisha anachukua nusu. Ukimwambia, "Mzee, nusu ni nyingi," anakujibu, "Basi kanyaga mwenyewe." Sasa panya akanyage nini?

Na asiyetoa fungu la Tembo msimu mzima, alitoa mtoto. Mtoto anakwenda kukaa kwa Tembo, anamtoa kupe masikioni mpaka anakuwa mtu mzima, akikutana na mama yake njiani hamjui.

Basi Kindi alikuwa amejifungua. Mtoto wa kwanza, mdogo kama kokwa ya zambarau, hana manyoya, macho yamefumba. Mumewe yuko mbali anatafuta karanga, na yeye yuko ndani ya arobaini, na mzazi aliye arobaini hatoki nje, wala mwanamume haingii kwake hata awe nani. Wanaingia wanawake tu, kumkanda na kumwogesha mtoto. Mtama atautoa wapi?

Fisi, mtumishi wa Tembo, akaja akasimama nje.

"Hodi, mzazi!"

"Nani?"

"Mimi Fisi. Hongera ya mtoto. Mzee hajaona fungu lako, na msimu umepita, unga haupokelewi tena. Arobaini ikiisha, huyo mtoto aje."

"Aje wapi?"

"Masikioni!" akasema Fisi, akacheka, akaenda zake.

Kindi akamkumbatia mtoto, hali, halali, jani likianguka anafikiri wameshafika. Bibi Nungunungu, mkunga wake, akija anamkuta amekaa vile vile.

"Kunywa uji, mwanangu, maziwa yatakauka."

"Bibi, utashuka vipi?"

Sasa, nyumba ya Kindi ilijengwa juu ya mto, maji yanapita chini ya sakafu. Asubuhi moja anafua nepi, kata ya kuchotea maji ikamponyoka, ikanasa kwenye kijiti, na maji yakawa yanaisukuma, inazunguka, inazunguka, haichoki. Kindi akaweka mkono kuizuia. Ikamsukuma mkono!

"Lo!" akasema. "Kumbe huu mto una nguvu zote hizi na hauna kazi!"

Akakata vibuyu nusu nusu, akavifunga kwenye gurudumu la fito, Bibi Nungunungu anatoboa matundu kwa miba yake. Katikati ya gurudumu wakasimamisha mti, ukapenya sakafuni mpaka chumbani, na juu yake wakakaza jiwe bapa lizunguke juu ya jiwe jingine lililotulia. Kindi akatia konzi ya mtama aliyoileta Bibi.

Ngurrr! Ngurrr! Ngurrr!

Unga ukamwagika pembeni, laini, hauna mchanga kama ule wa mguuni.

"Mama wee!" akasema Bibi Nungunungu. "Mguu umeingia nyumbani!"

"Polepole, Bibi! Akijua atakuja kuvunja."

"Atajuaje? Hapa wanaingia wanawake tu."

Basi wanawake wakaingia. Kila siku utamwona Ngiri anakuja kumtazama mzazi, na mtama chini ya kanga. Mama Kobe anakuja kumtazama mzazi, na mtama chini ya kanga. Wanasaga, wanalitazama lile gurudumu juu mpaka chini, wanarudi makwao kimya, na waume zao wanashangaa kwa nini vibuyu vinakatwa.

Kwa Tembo foleni ikapungua. Ikapungua. Siku moja akainua mguu, hakuna cha kukanyaga! Akachukia, akamwita Fisi, wakaja mpaka mlangoni kwa Kindi, na nyuma yao wanyama tele waliokuja kutazama ugomvi.

Ngurrr! Ngurrr!

"Kindi! Ni nini hicho kinachonguruma?"

Ndani, alimokuwa na Bibi Nungunungu, Kindi akashika jiwe alisimamishe, lisisimame. Mto hausimami! Mtoto yuko mkononi, akamtazama yule mtoto, na maneno yakamtoka kabla hajayafikiri.

"Ni mtoto, Mzee! Amelala. Anakoroma!"

"Anakoroma? Mtoto wa Kindi?"

"Huyo huyo wako, Mzee. Shikamoo, nimesahau hata kukuamkia, unisamehe, nyumba hii hailaliki. Hanyonyi, anataka mtama, anautafuna huku amelala, kisha anautema. Ngoja uone!"

Akamimina mtama wote uliokuwa ndani, jiwe likaunguruma kweli kweli, naye akaupiga unga kwa mkia, tifu! Ukapita chini ya mlango, ukamwagikia vidole vya Tembo.

Fisi akainama akanusa. "Mzee, ni unga kweli. Tena una joto."

Tembo akarudi nyuma kidogo. "Meno yake yakoje?"

"Mawe, Mzee. Jana kamaliza mguu wa kitanda. Lakini atakufaa, utamweka sikioni."

Masikio ya Tembo yakajikunja yenyewe. "Sikioni?"

"Si ndiyo kazi yenyewe? Tena mchukue leo leo, mimi nimechoka. Bibi Nungunungu, mfungulie Mzee, mila tutaivunja kidogo..."

"Usifungue!" Tembo akapiga kelele. "Simtaki! Simtaki huyo wala mtoto mwingine yeyote, watoto wote wabaki kwa mama zao, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitikia wanyama wote. Na kwao, neno likishasemwa mbele ya mlango wa mzazi halifutwi.

Arobaini ikaisha. Kindi akatoka amembeba mtoto, kanga mpya, wanja machoni, vigelegele mpaka ng'ambo. Watoto wote waliokuwa kwa Tembo walikuwa wamesharudi, kila mmoja ameng'ang'ania kanga ya mama yake. Tembo akachungulia kile kitoto.

"Huyu? Huyu ndiye anayekoroma?"

Mtoto akapiga chafya: chii!

Wanyama wakaangua kicheko. Fisi akakimbilia ndani, akatoka macho yamemtoka. "Mzee, tumechezewa! Ni mawe tu! Mto unazungusha mawe!"

Tembo akainua mguu wake juu ya ile nyumba. Kindi akafumba macho, lakini mdomo haukufumba.

"Vunja, Mzee. Ila sikiliza kwanza."

Tembo akasikiliza. Kwa Ngiri: ngurrr. Kwa Mama Kobe: ngurrr. Kwa Bibi Nungunungu, ngurrr-ngurrr, kwa sababu aliweka mawili. Mto mzima, juu mpaka chini, unasaga.

"Utaanzia wapi?" akauliza Kindi.

Mguu ukakaa hewani muda mrefu. Kisha ukashuka, taratibu, juu ya mchanga mtupu.

"Na mimi sasa nitakula nini?"

"Walioko mbali na mto hawana maji ya kuzungushia, Mzee, na wewe una pembe. Wachimbie mifereji, watakulipa unga."

"Nusu?"

"Kibaba."

"Kibaba!" Tembo akanung'unika, lakini alichimba. Na kweli mambo yakabadilika nchi ile. Alfajiri ya foleni ikawa alfajiri ya kazi nyingine: Ngiri akakaanga maandazi akauza, Mama Kobe akapeleka unga bonde la pili akarudi na chumvi, panya wakafungua soko, na wale waliokuwa wanalala na njaa wakawa wanabishana bei.

Na Kindi? Siku ile alimtazama Tembo akigeuka kuondoka, hatari imeshapita. Akakaa kizingitini, akalia kidogo, akacheka, akamnyonyesha mtoto wake mchana kweupe, na mlango ameuacha wazi.

Basi kumbukeni, wanangu: ujuzi ukishaingia nyumba nyingi, hakuna mguu wa kutosha kuukanyaga.