Kikombe Kabla ya Neno

Sogeeni, akina mama, sogeeni hapa mbele. Mkeka ni mpana na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Wewe mwenye mtoto, mpe ziwa anyamaze. Na ninyi wa huko mlangoni, harusi ya Jumamosi tutaisema tukitoka. Tunyamaze kidogo. Hivyo hivyo. Asanteni.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye mwarobaini uani kwake. Mnaujua, mti ule mchungu, wazee walisema unaponya maradhi arobaini. Mama huyu alichemsha majani yake tangu alfajiri, na mvuke ukajaa uani kama ukungu wa masika, hata ukiingia pale hujui uko macho au unaota. Watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo ya mto. Mwenye homa, mwarobaini. Mwenye upele, mwarobaini. Mwenye mume mlevi, mwarobaini! Neno lenyewe likapendwa kuliko dawa. Barabara ikikatika, mwenyekiti wa kijiji anasimama: "Ndugu wananchi, tatizo hili tutalipatia mwarobaini wake!" Watu wanapiga makofi, wanakwenda kulala. Shimo linabaki pale pale.

Mama huyo alikuwa na binti, ameolewa kitongoji cha pili. Siku moja binti anaoga, mkono ukapita chini ya titi la kushoto, ukakuta kitu kigumu kama punje ya hindi. Akakaa nacho siku tatu bila kumwambia mtu. Jambo kama hilo unaanzaje kulisema? Akaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama. Mama, nina..."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivi? Kunywa." Kikombe kikafika mdomoni. "Chote, usibakize. Hiyo ni arobaini."

Mwenye kikombe mdomoni anasemaje, jamani? Binti akameza dawa, akameza na neno lake. Likashuka taratibu, kama jiwe linavyozama kisimani, mpaka hata yeye hakulisikia tena.

Akarudi baada ya wiki mbili. "Mama, leo nisikilize..."

"Kunywa kwanza."

Akarudi mara ya tatu, na ile punje sasa imekuwa kama kokwa ya zambarau. "Mama, labda dawa hii si ya..."

"Maradhi arobaini, mwanangu! Lako tu ndilo likosekane?"

Msimhukumu. Alisema kwa upendo. Alimpenda binti yule kuliko macho yake.

Binti akatoka katika ule mvuke, anatembea kama anaelea, miguu haijui ardhi. Kando ya njia alikuwapo bibi mmoja mchoma mihogo, sikio moja limekufa na la pili linasinzia. Akamwona anafuta machozi.

"Unaumwa wapi, mjukuu wangu?"

"Hapa, bibi," akanong'ona.

"Paza sauti, mwenzio kiziwi. Rudia, sina haraka."

"Kwenye titi."

"Bado sijakusikia, mama."

"Titi, bibi! Nina uvimbe kwenye titi!"

Njia nzima ikageuka. Mwenye baiskeli nusura aingie mtaroni. Bibi hakumwangalia mtu. Akaiacha mihogo iungue, akajifunga kanga kiunoni, akamshika binti mkono mpaka hospitali. Titi moja likaondolewa. Binti akabaki.

Habari mama alizisikia kwa watu. Akafika wodini analia. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mara tatu, mama. Kila nilipofungua mdomo, uliujaza."

Na sisi je? Mwenzetu anabisha hodi, jicho limevimba, na kabla hajakaa tumeshamnywesha: "Vumilia, dada, ndiyo ndoa." Aliyefiwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kijana anayekonda kwa mawazo, "Omba tu, mwanangu." Ni maneno mazuri, sikatai. Hata mwarobaini ni mti mzuri. Lakini tumemsikia alichokuja nacho? Au tumeogopa kukisikia, ndiyo maana tunaharakisha? Mungu anajua yote tangu hatujazaliwa, na bado anatuacha tuombe mpaka tuseme amina. Sisi tusiojua kitu tunamkatiza mtu kwenye neno la kwanza!

Yule mama aliishi mpaka akazeeka, na siku zake zilipotimia watoto wakagawana. Mkubwa akarithi nyumba. Wa pili, ng'ombe wawili na baiskeli. Mti ukaachiwa kijiji. Binti aliomba kigoda tu, kile cha miguu mitatu alichokalia mama akichemsha dawa, na kaka zake wakamcheka: "Kibovu hivyo, utakifanyia nini?" Akakiweka barazani kwake. Anayefika na shida yake hukalishwa hapo, naye binti huketi chini, mikono mitupu, akangoja.