Lango Lililokwenda Barazani

Hapo zamani, wakati watu wa mji wa Zengwe walipokuwa bado wanaamini kwamba ukuta mrefu huzuia matatizo, palikuwa na Sultani aitwaye Sharwani, mtu mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kula. Hakuwa mbaya. Mbaya alikuwa waziri wake, Ghalibu, aliyekuwa na maradhi ya kutunga sheria. Akiamka na mafua, anatunga sheria juu ya upepo.

Basi mwaka mmoja Sultani akafanya karamu, akatangaza kwamba kila mkazi wa Zengwe aje na wanawe. Mfua chuma mmoja akaja na wana kumi na saba aliowatoa nje ya mji, na watatu kati yao walikuwa na mvi kumshinda yeye mwenyewe. Wakala pilau lote, wakaondoka na masufuria. Sultani akalala na njaa, jambo ambalo halijapata kutokea katika ukoo wake, na kesho yake Waziri akatunga sheria, ikasomwa sokoni: Mtoto yeyote wa mkazi, atokaye nje, hatavuka lango la mji mpaka kwanza asimame mbele ya baraza la Sultani amthibitishe mzazi wake, na Sultani mwenyewe amkaribishe kwa kinywa chake.

Watu wakapiga makofi, maana ndiyo ilikuwa kazi yao. Zikapita siku tatu ndipo mtu mmoja akagundua kwamba baraza liko ndani ya mji.

"Sasa mtoto atafikaje barazani bila kuvuka lango?" akauliza.

"Hilo ni juu ya mtoto," akajibu Waziri. "Wino wa sheria umekwisha kauka."

Katika mji huo alikuwako mwanamke aitwaye Siwema, msusi wa mikeka. Miaka mitano nyuma aliingia Zengwe kutafuta riziki, akamwacha binti yake Mize, wa miaka minne, kwa nyanya yake, mwendo wa siku sita. Kila mwaka alisema mwaka huu nitamleta, na kila mwaka likatokea hili na lile. Ikawa mwaka ule nyanya akafariki. Msafara wa chumvi ukamchukua mtoto ukamfikisha mpaka langoni, na hapo walinzi wakamweka kibandani mwao, upande wa nje, wakamwambia angoje. Naye Waziri akaamuru kwamba msafara utakaporudi siku ya Ijumaa, mtoto arudi nao.

Arudi kwa nani, jamani? Nyumba ya nyanya imefungwa, hata kuku wamekwisha gawanywa. Siwema hakuweza kutoka kumfuata, kwa kuwa akitoka naye angehesabiwa wa nje. Chini ya lango palikuwa na upenyo wa vidole vinne. Kila asubuhi mama huyo akalala kifudifudi mavumbini, akatazama miguu ya mwanawe. Alimjua kwa kovu la kisigino cha kushoto. Uso wake hakuuona, na moyo ulimuuma mpaka akashindwa kusuka.

Siku ya Jumanne akamwendea Vuai.

Huyu Vuai alijiita wakili. Afisi yake ilikuwa kinu kilichopinduliwa nje ya kasri, naye alikaa juu yake akiwa na kiatu kimoja, akidai kwamba kingine kiko mahakamani. Alijisifu kuwa hajashindwa kesi hata moja, na ni kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kesi.

"Bwana Vuai," Siwema akasema, "nimekwenda kwa makarani wote. Wa kwanza kanipeleka kwa wa pili, wa pili kanipeleka kwa wa tatu, wa tatu kanirudisha kwa wa kwanza. Sina cha kukupa ila mkeka. Niletee mwanangu."

Vuai akaguna. "Mkeka wa kulalia au wa kukalia?"

"Wa kulalia, upana wa watu wawili."

"Mimi niko mmoja, dada. Lakini huwa najigeuza sana. Haya, futa machozi, twende."

Wakaingia barazani, Vuai akapiga magoti, akasema, "Maulana, Mungu akuzidishie umri na hamu ya chakula. Nimekuja kwa ajili ya mtoto aliyeko langoni."

"Sheria unaijua," akasema Sultani, akitafuna kaimati. "Na asimame mbele ya baraza langu, nitamsikiliza. Ila asivuke lango."

"Na akifanikiwa kusimama mbele yako bila kuvuka lango?"

Baraza zima likacheka, Waziri akacheka kupita wote. Sultani akasema, "Ukiliweza hilo, ewe mpumbavu, kesi yake nitaisikiliza. Ukishindwa, mtoto atarudi na msafara, na wewe utafagia zizi la punda wangu mpaka punda wakuzoee."

"Nimekubali, Maulana. Ila nisije nikakosea, nifahamishe. Lango la mji ni lipi hasa?"

"Huna macho? Ni lile lililochongwa na babu yangu, la mninga, lenye misumari ya shaba!"

"Je, si ule mwanya wa ukuta?"

"Mwanya ni tundu! Mbuzi pia huingia tunduni. Lango ni lile, na popote lilipo lile ndipo mji wangu uanzapo. Hivyo ndivyo alivyoapa babu yangu."

"Popote lilipo," akasema Vuai. "Karani, tafadhali andika. Na mimi naomba wachukuzi kumi na wawili mpaka keshokutwa."

"Mpeni," akasema Waziri, huku akijifuta machozi ya kicheko. "Mpeni kila atakacho, ila ruhusa ya kumvusha mtoto." Karani akaandika na hilo, muhuri ukapigwa.

Basi Alhamisi asubuhi Vuai akafika langoni na wachukuzi kumi na wawili, akawasomea walinzi ile hati. Wakakuna vichwa. Kila atakacho, imeandikwa, na muhuri huo hapo. Wakang'oa lango lote pamoja na miimo yake na kizingiti, likiwa limefungwa kwa komeo, wakalifungia miti ubavuni, wachukuzi wakaliinua likiwa wima. Nyuma yake akasimama Mize, mtoto mwembamba, ameshika pete ya shaba ya lango kama alivyoagizwa.

"Sikiliza, mwanangu," Vuai akamwambia. "Lango likienda, nawe nenda. Likisimama, simama. Usilipite hata kwa ncha ya pua. Na nyanya yako alikufundisha nini mtu akifika mlangoni pa watu?"

"Apige hodi mara tatu," akasema Mize. "Akikosa kuitikiwa, arudi alikotoka, asing'ang'anie."

Hilo la kurudi Vuai hakulipenda. "Haya," akasema, "Mungu yupo."

Lango likaanza kuingia mjini. Vuai akatangulia akipaza sauti: "Enyi watu wa Zengwe! Popote lilipo lango ndipo mji uanzapo, kauli ya Sultani! Atakayebaki nyuma yake yuko nje!"

Loo! Ungeona siku hiyo. Muuza samaki akakimbia na jodari kichwani. Kinyozi akakimbia na wembe, na mteja wake akamfuata, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ina nywele, akilia, "Nimalizie kwanza!" Makarani wote watatu wakaparamiana mlangoni mwa afisi yao, wa kwanza akimpisha wa pili na wa pili akimpisha wa tatu, lango likawapita wote. Sokoni hakubaki mtu. Siwema alikuwa mbele na wengine, lakini yeye alikwenda kinyumenyume, macho yake yako chini ya kizingiti, kwenye ile miguu miwili iliyokuwa ikija.

Lango likalipita jiko la Sultani, pilau likabaki nje. Kisha likafika nyumba ya Bi Mkubwa, mamake Sultani, aliyekuwa kibarazani akitafuna tambuu.

"Sogea mbele, Bi Mkubwa," wakamwambia, "utabaki nje ya mji!"

"Nimezaa katika nyumba hii hii kabla ninyi hamjaota meno," akasema. "Sikimbizwi na mbao." Lango likampita. Akamwona mtoto anayelifuata, akamuuliza ni wa nani na anakwenda wapi, naye Mize akamweleza yote. Bi Mkubwa akatema tambuu, akachukua bakora yake, akamshika mkono. "Twende. Nami niko nje sasa, sina budi."

Barazani Sultani alikuwa anangoja chakula. Akasikia vishindo, akaona watu wa mji mzima wanajimwaga mbele yake wakihema, kisha lango la babu yake likaingia na kutuliwa pu! katikati ya baraza.

"Mwendawazimu wewe! Hii nini?" akafoka.

"Maulana, mtoto amesimama mbele ya baraza lako," akasema Vuai, "na lango hajalivuka. Yuko upande wa pili hapo, nje. Walinzi ni mashahidi."

Waziri akadakia, "Hila tupu! Amekwisha ingia mjini huyu!"

"Kwa kauli ya nani, Mheshimiwa? Mji unaanzia hapa, imeandikwa. Na nikujulishe kwamba soko liko nje, na nyumba yako wewe iko nje, na pilau la Maulana liko nje nalo, haliwezi kuingia bila kuthibitisha sufuria lililolizaa."

Watu wakacheka. Sultani aliposikia habari za pilau akanywea. Lakini Waziri akamwinamia sikioni, ila kwa vile alikuwa na sauti ya mnadi, wote wakasikia: "Sheria inasema umkaribishe kwa kinywa chako. Basi usiseme neno. Nyamaza tu, Maulana, mambo yatakwisha."

Hapo nyuma ya lango ikasikika sauti ndogo: "Hodi."

Sultani akafumba mdomo. Na kumbukeni, mtu wa kwetu kuisikia hodi asiitikie ni kazi nzito kuliko kuzuia chafya. Shavu likamcheza.

"Hodi," mara ya pili. Kimya. Siwema akaanguka magotini. Akaiona miguu ya mwanawe, kisigino kile chenye kovu kimeinuka kidogo, kinajiandaa kugeuka. Alitaka kupiga kelele mwitikie jamani, mwitikieni mwanangu! Lakini karibu ya kinywa chake yeye sheria haikuitambua.

"Ho..." ikaanza ya tatu, nayo ilikuwa na machozi ndani yake.

Pale pale bakora ikagonga lango, ta! ta!

"Sharwani!" ikaita sauti ya Bi Mkubwa. "Mtoto wa watu anapiga hodi nawe umekaa hapo kimya? Hayo ndiyo malezi yangu? Au umekuwa bubu tangu asubuhi?"

"Karibu!" Sultani akaruka. "Karibu mwanangu, karibu, pita ndani!"

Neno lilimtoka lote kabla hajajua. Waziri akajishika kichwa. Komeo likavutwa, lango likafunguka, Mize akaingia, na mara hii wakatazamana uso kwa uso, yeye na mama yake. Mtoto akasita, maana huyu mama alimwacha mdogo sana. Kisha akautazama mkono wa Siwema, uliojaa mikwaruzo ya miyaa ya kusukia mikeka, akasema, "Nyanya aliniambia utakuwa na mikono hii." Siwema akamvuta, akamkumbatia, akalia kwa sauti bila kujali baraza.

Waziri hakukubali. "Bado kuthibitisha! Wako wapi mashahidi waliomwona akizaliwa?"

"Tutawaleta," akasema Vuai, "ila tufuate zamu. Sote tumesikia Maulana akimwita 'mwanangu'. Basi tuanze na mashahidi wake yeye."

Sultani akageuka kumtazama mamake.

"Na mimi je?" akasema Bi Mkubwa, angali amesimama nje ya kizingiti. "Mkunga wangu amekufa, na waliokuwapo wamekufa. Niliugulia siku mbili kwa kichwa hicho chako, Sharwani. Haya, thibitisha kwamba wewe ni wangu, au nikae huku huku na pilau?"

"Lakini mama!" akasema Sultani, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. "Mimi si mwanao? Hunijui?"

"Nakujua. Na yule pale naye anamjua wake. Ulitaka ushahidi gani mwingine?"

Sultani akamtazama Siwema na Mize, akaona haya, na haya hiyo ikamgeukia kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akaamuru sheria ichanwe pale pale, na kwamba tangu siku hiyo mtoto akipiga hodi langoni pa Zengwe, aitikiwe kwanza, mengine yaulizwe akiwa amekwisha kula. Vuai akapewa afisi pale langoni, awasemee wazazi wote wenye watoto nje, na kiatu cha pili. Naye Waziri Ghalibu akaamriwa alirudishe lango mahali pake yeye na makarani watatu, bila wachukuzi. Inasemekana walifika Jumatatu.

Vuai alipata na mkeka wake. Siwema aliusuka wa upana wa watu watatu, ajigeuze apendavyo.

Ama Siwema mwenyewe, siku ile ile alimchukua binti yake wakaenda nyumbani. Walipofika, Siwema akatangulia ndani kuweka maji. Alipogeuka, akamwona Mize amesimama kizingitini, mikono nyuma, hajatia mguu.

"Hodi," akasema mtoto.

"Hapa hupigi hodi, mwanangu," akasema Siwema. "Hapa kwenu."