Masufuria Arobaini kwa Mwavuli Mmoja

Nani kati yenu amewahi kununua asichokihitaji kwa sababu tu ameahidiwa cha bure? Usiangalie pembeni, nakuuliza wewe!

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, madeni na majivuno kama sisi, Fisi alifungua duka. Akawagawia majirani kadi: chukua bidhaa leo, lipa kabla mwezi mpya haujaandama, na kila ukinunua unapata pointi za kubadilisha kwa zawadi.

Digidigi naye alikuwa na kadi. Aliitumia kuchukua chumvi na sabuni, vitu ambavyo angenunua hata bila kadi, na akalipa yote kabla ya siku. Pointi zake zikampa taa, bure kabisa.

"Mteja gani wewe?" Fisi alilalamika. "Sipati kwako hata senti moja ya riba!"

"Pole, Bwana Fisi." Akajiondokea na taa yake, tiki, tiki, tiki.

Siku ya mwisho ya mwezi, Digidigi alikwenda kuteka maji kwenye kisima cha Tembo, ambako mtaa mzima ulichota bure. Lo! Akamkuta Fisi anakipima kwa kamba.

"Unafanya nini hapo?"

"Napima mali yangu. Hi hi hiii! Tembo alikiweka rehani apate kadi ya dhahabu. Jua likizama hajalipa, kisima changu. Kesho uje na ndoo, na hela!"

Digidigi akatimua mbio, puru! mpaka kwa Tembo. Akamkuta barazani, amekaa chini ya mwavuli mwekundu. Mvua hakuna, jua limeshapoa. Nyuma yake mlango wa stoo umezuiwa kwa gunia.

"Mjomba, una deni kwa Fisi?"

"Deni? Mimi, mteja wa dhahabu?" Tembo aliinua mkonga. "Huu mwavuli nimepewa bure, kwa heshima yangu."

"Ulinunua nini hata ukapewa?"

"Aa, vitu vidogo vidogo tu vya nyumbani."

Digidigi akachungulia kwenye ufa. Masufuria! Yamepangwa hadi darini, bado yamefungwa karatasi. Na huyu mjomba hula majani mabichi, hajapika hata maji!

Haraka akageuza kadi yake. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, ambayo ni yeye peke yake aliyejisumbua kuyasoma: deni hufutwa bidhaa mpya zikirudishwa kabla mwezi haujaandama, mwenye duka akikiri mbele ya mashahidi kwamba ni mpya, na mnunuzi akitamka kwa kinywa chake alichonunua.

Kutamka! Tembo? Afadhali angemeza masufuria yote na vifuniko vyake. Na jua lilikuwa linagusa vichaka.

Digidigi akaipiga ndoo yake, ba! ba! ba! "Wizi! Wizi jamani! Masufuria ya Bwana Fisi yameibwa!"

Mtaa mzima ukamiminika. Fisi alifika wa kwanza, ulimi nje, maana mwizi hutozwa faini maradufu. Digidigi akavuta gunia. Gara gara gara! Masufuria yakabingirika hadi uani.

"Yatazame vizuri, Bwana Fisi. Ni yako, au ni makuukuu ya mtu?"

"Yangu!" Kwa tamaa ya faini, Fisi akajifanya hakumbuki kumuuzia Tembo. "Mapya kabisa, hayajaonja moto! Wote mmenisikia?"

"Tumekusikia!"

Digidigi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kumbe mjomba wangu ni mwizi."

"Mwizi! Mwizi!" umati ukapokea.

"Mimi si mwizi!" Masikio ya Tembo yalitetemeka.

"Sasa yamefikaje stoo kwako?"

"Yame... yaliletwa."

"Yaliletwaje?"

Jua lilibaki ukingo tu, kama kipande cha papai. Hapo Fisi akaiona kadi mkononi mwa Digidigi, imegeuzwa nyuma, na kicheko kikamkauka.

"Yaishe!" akapiga kelele. "Nimesamehe! Tembo, funga mdomo, usiseme neno!"

Lakini umati ulikuwa bado unaimba mwizi, mwizi, na Tembo akautupa mwavuli chini, pwaa!

"Niliyanunua! Masufuria arobaini, mimi nisiyepika, ili nipewe mwavuli mmoja wa bure. Na mwavuli wenyewe haunifuniki hata sikio!"

Ndipo jua likazama: masufuria yamerudi kwa Fisi, deni limefutwa, na kisima kimebaki cha Tembo.

Kwa hiyo, wewe uliyeangalia pembeni: nunua unachohitaji, lipa kwa wakati, la sivyo zawadi ni wewe.