Saa Mbili ya Mashine

Mliokaa, sogeeni, mliosimama, egemeeni ukuta, kwani fumbo hili ni zito na waliolitenda walikuwa wamechoka. Nalileta kwenu kama nilivyolipokea. Kusimulia ni kazi yangu, kuamua nawaachia.

Palikuwa na nyumba moja Ujiji, yenye vyumba vingi na ua mmoja, na katika ua huo waliishi watu watatu ambao Mola alimpa kila mmoja wao kipaji kimoja, akamnyima viwili.

Zamda alipewa ulimi. Alisoma hadi kidato cha nne, akakijua Kiingereza cha vitabuni, na neno gumu la kigeni lilipomfikia alilipara magamba, akalipika, mpaka kila mtu akaweza kulila. Lakini vidole vyake vilikuwa vizito, na aliyoyasoma jana leo hakuyakumbuka. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na Zamda ndiye aliyemgeuza, aliyemwosha na kumlisha. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, kama kitambaa cha fundi kilichobaki.

Hilali alipewa vidole. Alikuwa mchapaji katika duka la steshenari karibu na soko: barua za maombi, risala za harusi, mitihani ya shule. Vidole vyake vilipita juu ya kibodi kama mvua juu ya bati. Lakini Kiingereza hakukijua, lililosemwa mara moja halikukaa kichwani mwake, na kila siku kazi ilipokwisha viganja vyake vilimuuma hata kushika kijiko kukawa mtihani.

Feruzi alipewa sikio. Asubuhi alifundisha watoto kaswida, mchana alianika dagaa mchangani, na jua la miaka mingi lilikuwa limeyafifisha macho yake; herufi za kitabu aliziona kama sisimizi waliomwagiwa maji. Lakini jambo likishaingia sikioni mwake halikutoka tena. Angeweza kukurudishia maneno yako ya mwaka jana, pamoja na kikohozi ulichokikohoa katikati yake.

Sasa sikieni habari ya kitabu. Ua mzima ulikuwa umenunua begi la mitumba la kumbebea mama yake Zamda nguo za hospitalini, na ndani ya mfuko wake kikakutwa kitabu kinene cha kumfundisha asiyejua lolote namna ya kutengeneza tovuti. Hakikuwa cha mmoja, kwa kuwa begi lilikuwa la wote.

Haukupita muda, ikaja habari ya pili. Chuo kimoja huko Dodoma kilikuwa kimeitengea Ujiji nafasi moja tu: masomo ya tovuti bila ada, na kwa mwanafunzi huyo meza, kompyuta na kitanda. Sharti lilikuwa kutengeneza tovuti itakayowafaa watu wa mtaa, na mjumbe wa chuo angekuja kuiona mwenyewe.

"Kitanda?" Hilali aliuliza. "Cha peke yako?"

"Cha peke yako," Zamda akajibu.

"Basi hata wasiponifundisha neno, nipeni hicho kitanda. Nitalala mpaka masomo yaishe, nirudi na cheti cha usingizi."

"Wewe ukilala unakoroma, bwana mdogo," Feruzi akasema. "Watakufukuza kabla ya mtihani."

Wakaafikiana kuifanya kazi pamoja. Kuhusu nani ataipata nafasi, hawakusema. Waliliacha suala hilo kama watu wanavyoliacha jiwe katikati ya njia, kila mmoja akidhani mwingine ataliondoa.

Walichagua kutengeneza tovuti ya zahanati ya mtaa, ili mwenye mgonjwa atazame simu yake na ajue kama zahanati imefunguliwa au imefungwa, asitembee bure juani. Na kwa kuwa Hilali hakupewa nafasi na wateja mpaka alasiri, wakati huo ndio uliokuwa wao. Zahanati ilikuwa imekwisha kufungwa, soko limepungua kelele, na wao watatu walikusanyika dukani mwa Hilali, mbele ya kompyuta moja, wakiwa na nguvu zilizosalia baada ya siku kula zake.

Zamda alifungua kitabu, akasoma kwa macho Kiingereza na kwa mdomo Kiswahili. "Kila alama unayoifungua, sharti uifunge. Uliyoifungua mwisho ndiyo unayoifunga kwanza."

"Kama mavazi," Feruzi akasema. "La mwisho kuvaliwa ndilo la kwanza kuvuliwa. Ukitaka kuvua gauni kabla ya kanga ya juu, utajinyonga."

"Mwalimu," Hilali akasema, huku akichapa, "haya ya kuvua na kuvaa ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?"

"Chapa, acha maneno."

"Nachapa. Nauliza tu, wazazi wajue."

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Ulimi ukatoa, sikio likapokea, vidole vikatenda. Siku nyingine Zamda alisoma mstari uleule mara mbili bila kujua. Siku nyingine Feruzi alijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Kuna siku Hilali aliacha kuchapa, akaviweka viganja vyake ndani ya kopo la maji.

Ikafika sura ya saa, ile inayofundisha namna ya kuifanya tovuti itazame wakati na kuamua yenyewe cha kusema. Siku hiyo uchovu ulikuwa wa nne katika kikao. Zamda hakuwa amelala kwa sababu ya mama. Alisoma huku kichwa kikimwangukia, na maneno yakamtoka kama mtu anayeota. Feruzi aliyapokea, akayahifadhi yote, ila hakuyapima. Naye Hilali alipofika mahali pa kutaja saa za zahanati, aliuliza neno moja tu.

"Zahanati inafunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," wakamjibu wote wawili. "Inafungwa saa tisa."

Hilali akachapa mbili, akachapa tisa. Wakaifungua tovuti kwenye simu. Maandishi mekundu yakatokea: *Zahanati imefungwa.* Wakatazama nje; jua la alasiri lilikuwa limeinama, na zahanati, kweli, ilikuwa imefungwa.

"Kitu kinasema kweli," Feruzi akasema.

"Kitabu kinataka tuijaribu pia ikiwa imefunguliwa," Zamda akasema, akipiga miayo.

"Asubuhi nani ana nafasi?" Hilali akauliza. Hakuna aliyekuwa nayo. Kila alasiri waliifungua, na kila alasiri ikasema imefungwa, na kila alasiri ikawa kweli.

Kisha mvua zikaanza. Paa la steshenari likavuja juu ya rafu, na kitabu kikalowa usiku kucha. Walipokiinua, sura ya saa na zote zilizoifuata zilikuwa zimegandana.

"Kimekuwa chapati za maji," Hilali akasema, lakini hakucheka. Kwa bahati kazi ilikuwa imekamilika, au hivyo ndivyo walivyodhani. Tovuti ikatangazwa mtaani, na mjumbe wa chuo akatoa taarifa kwamba yuko njiani.

Siku moja kabla hajafika, alasiri, Tausi aliingia dukani na mtoto mgongoni. Tausi alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili, na sauti yake ilimtangulia mlangoni.

"Wako wapi hao mafundi? Mmenifungia zahanati na funguo hamna!"

"Kuna nini, dada Tausi?" Zamda akauliza.

"Mtoto kaamka anachemka kama chungu. Saa nne asubuhi nafungua hicho kitu chenu, kinaniambia imefungwa. Nikasema pengine leo wauguzi wana kikao. Nikakaa na mtoto ndani, namkanda kwa maji, naomba Mungu. Baba yake karudi saa sita, kaenda mwenyewe kwa miguu. Mlango wazi, wauguzi wamekaa, hakuna hata foleni!" Akamgeuza mtoto mbele, akamfunika kichwa. "Kapata sindano, kanusurika. Lakini mngeniulia mwanangu kwa simu yangu mwenyewe."

Wakaifungua tovuti. Ikasema imefungwa, nayo zahanati, kwa saa ile, ilikuwa imefungwa. Kosa lilikuwapo, lakini lilijificha nyuma ya ukweli. Na sasa, enyi wasikilizaji, pimeni vizuri yaliyofuata.

Feruzi alisema, "Nyamazeni." Akafumba macho yake mabovu. Akaanza kuirudia sura iliyokufa kwa maji, tangu neno la kwanza, kwa sauti ileile ya kusinzia aliyoisomea Zamda, mpaka akafika mahali panaposema: "Saa ya mashine huanza kuhesabiwa usiku wa manane, nayo haihesabu tena upya mchana." Neno hilo halikuwa mahali pengine popote duniani walipoweza kulifikia. Lilikuwa kifuani mwa Feruzi tu. Ila alilibeba kama mtoto abebavyo dua asiyojua maana yake.

Zamda alishtuka kama aliyeitwa jina. "Rudia," akasema. Feruzi akarudia. Zamda akayasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana alipoyasema hakuwapo. "Sisi tunaanza kuhesabu alfajiri," akasema polepole. "Kunapokucha ndipo tunasema saa moja. Mashine haijui kucha. Yenyewe inaanza usiku wa manane. Saa mbili yake, sisi tumelala. Saa tisa yake, kwetu ni saa tatu asubuhi. Tumeifungua zahanati usiku, tukaifunga wagonjwa ndio kwanza wanafika."

"Kwa hiyo mbili ni nini kwake?" Hilali akauliza.

"Nane. Na tisa ya alasiri ni kumi na tano."

Hilali akavuta kibodi. Papo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta ikabaki na betri yake iliyochakaa, ile isiyodumu hata mtu akamaliza kikombe cha chai. Tovuti ilikuwa imekua, mistari imefuatana kama sufu iliyochezewa na paka, na saa zile zilikuwa zimetajwa mahali pengi. Wenzake wasingeweza hata kujua pa kuanzia. Vidole vilivyovimba vilikwenda moja kwa moja hadi mahali pake, vikafuta, vikaandika, vikafuta, vikaandika, vikaituma kazi mtandaoni. Skrini ikazimika kabla hajainua mikono.

"Imekwenda?" Feruzi akauliza gizani mwa duka.

"Imekwenda," Hilali akasema. "Sasa nisaidieni kunyanyuka."

Asubuhi yake alifika Bi Rusimbi, mjumbe wa chuo, mwanamke mpole mwenye miwani. Akaketi uani, akafungua simu yake, ikasema: *Zahanati imefunguliwa.* Akainuka, akaenda mpaka zahanati, akaiona iko wazi, akarudi.

"Nimeridhika," akasema. "Nani aliyeifanya kazi hii?"

"Sisi," wakasema.

"Sisi si jina, wanangu. Chuo kimenituma nirudi na jina moja."

Lile jiwe lilikuwa bado njiani, na sasa hapakuwa na pa kulipitia.

Zamda akasema, "Bila mimi kitabu kile kingekuwa karatasi za kufungia karanga. Na kosa, ni mimi niliyelitambua."

Feruzi akasema, "Kitabu kilikufa. Mlikuwa mnakisoma kutoka kwangu. Ungelitambua nini, dada, kama nisingekupa?"

Hilali akasema, "Semeni mpaka kesho. Mashine haisikii kaswida wala tafsiri. Kilichoingia ndani yake kimepita katika mikono hii."

Tausi, aliyekuwa amesimama penye mlango wa ua, akasema, "Mnagombania sifa. Na lile la mwanangu, lilikuwa la nani?"

Hapo sauti zao zikashuka. Zamda akakiri kwamba alilitafsiri neno akiwa amesinzia, asiwaonye wenzake. Feruzi akakiri kwamba alilihifadhi bila kuliuliza maana. Hilali akakiri kwamba saa ya mashine ilikuwa pale kwenye pembe ya skrini kila siku, mbele ya macho yake, naye hakuwahi kuitazama.

Mtu mmoja wa uani akasema Zamda hawezi kumwacha mama; lakini shangazi yake alikuwa amekwisha kuahidi kuja kumuuguza. Mwingine akasema Feruzi hataona ubaoni. Bi Rusimbi akajibu kwamba chuo kina kompyuta zinazosoma kwa sauti. Mwingine akasema Hilali tayari ana kazi. Lakini viganja vile vya kuchapia barua za watu havikuwa na miaka mingi tena.

"Tupige kura," Hilali akasema.

"Kura ni kumtupia Mungu kazi tuliyopewa sisi," Feruzi akajibu, na kura ikaachwa.

Bi Rusimbi akavua miwani, akaifuta. Akasema kwamba hatachagua yeye, kwa kuwa hakuwapo walipokuwa wakihangaika. Waliokuwapo ndio wamtajie. Na wale watatu wakatazama chini, si kwa hasira, bali kwa kuwa mtu aliyechoka namna ile hana nguvu ya kujitetea mara ya pili.

Basi, mlionisikiliza, kazi ni yenu. Msiniambie waende wote, maana nafasi ni moja. Msiniambie asiende yeyote, maana jasho limekwisha kumwagika. Ni nani anayestahili: aliyelitamka, aliyelihifadhi, au aliyelitenda? Nipeni jina. Na mkishalitaja, nitawauliza la pili, nalo ndilo gumu kuliko la kwanza: ni nani kati yenu atakayeingia uani na kuwaambia wale wawili?